Kula bata kwa kasia moja

Jamani kabla hamjaanza kunitania, hii siyo ile kula bata mnayoijua ya Jumamosi usiku. Huyu ni bata mwenyewe, mwenye manyoya, na mpaka kufika kwenye sufuria amenigharimu msimu mzima wa baridi nikipara rangi ya chombo cha zamani cha kuwindia kwenye banda ambalo hata chai ilikuwa inapoa kabla sijaweka kikombe chini.

Mimi nakaa Maine, kule juu kaskazini mashariki mwa Marekani, siyo mbali na Merrymeeting Bay. Mtu wa Tanga ukifika pale siku ya kwanza unachanganyikiwa, maji yanajaa na kupwa kama ya Raskazone ila ukiyaonja hayana chumvi. Mito sita inakutana hapo, mikubwa ni Kennebec na Androscoggin, halafu yote inatokea upande wa baharini kupitia mlango mmoja mwembamba, kwaiyo bahari inasukuma huku mito inasukuma kule. Kwenye matope yake unaota mpunga mwitu, na ukikomaa kuelekea mwezi wa kumi bata wanaohama kwenda kusini wanashuka kujaza matumbo. Ndo maana watu wa pale wana chombo chao cha kuwindia ambacho ukikiona nchi kavu unaweza kudhani ni jeneza limekosewa vipimo.

Chetu kina futi 15. Kifupi kwenda juu, yaani ubavu wake haufiki hata goti, mbao ni za mwerezi mweupe na mataruma, yaani mbavu za ndani, ni ya mwaloni. Cha ajabu ni tezi, yaani nyuma ya chombo, lina tundu. Kwenye hilo tundu linapita kasia moja lililopinda kidogo, wewe unalala chali miguu ikielekea omo, yaani mbele, kichwa umekiegemeza kidogo ili uone mbele, mkono mmoja unalizungusha kasia kama unaandika namba nane iliyolala na chombo kinakwenda. Hakuna kafi linalopanda na kushuka, hakuna mkono unaoonekana. Kwa mbele unafunga mafungu ya nyasi mpaka bata akikuangalia anaona kipande cha kinamasi kimekatika kinaelea na maji. Barafu ikianza wazee wanaweka kitambaa cheupe na theluji juu ya omo ili kionekane ni pande la barafu. Nilivyoelezewa mara ya kwanza nilicheka, siku hizi sicheki.

Kilikuwa cha mzee jirani yangu, alikijenga baba yake, na kwa miaka kadhaa kazi yake ilikuwa kuwekewa kuni juu. Akaniambia we si umetokea kwenye mashua, kichukue, ukikimaliza twende wote. Hapo ndo nikavimba kichwa. Mimi mtoto wa pwani bwana, mjomba wangu alikuwa fundi wa mashua, nimekua nikimshikia nyundo, mwerezi utanishinda nini?

Kupara rangi kulienda vizuri ila vaeni barakoa, rangi za zamani zina madini ya risasi na vumbi lake siyo la mchezo. Kwenye ngama, yaani chini kabisa ndani ya chombo, nikakuta mabaki ya ganda za bunduki za zamani, zile za marisau, vigololi vidogo vya madini hayohayo ya risasi. Hizo kwa bata ni marufuku Marekani nzima tangu 1991, maana bata huwa anameza changarawe za kusagia chakula tumboni, akikuta marisau kwenye matope anameza akidhani ni kijiwe, sumu inamuua taratibu. Sasa hivi tunatumia ya chuma. Mzee aliziangalia akasema tu "hizo ni za baba", akatia mfukoni.

Mataruma saba yalikuwa yameoza. Haya yanapindwa kwa mvuke, nikatengeneza boksi la mbao refu na birika la umeme linachemka upande mmoja, hesabu ya mafundi ni lisaa limoja kwa kila inchi ya unene, yangu yalikuwa nusu inchi kwaiyo nusu saa hivi. Ukilitoa una sekunde chache tu za kulikandamiza na kulibana kabla halijakakamaa. Nilivunja matatu. La nne likakaa, nikapiga kelele mpaka mke wangu akatoka na mwiko.

Halafu nikafika kwenye kalafati, kuziba nafasi za mbao maji yasiingie, na hapo ndo niliaibika.

Mjomba alinifundisha pamba unaipaka mafuta unaipigilia kwenye nafasi ya ubao na ubao mpaka ikatae kuingia. Nikafanya hivyohivyo, kwa nguvu zote, kila mshono, nikapaka na rangi nzuri ya kung'aa juu yake, nikajisifu. Mwezi wa nne nikakiweka mtoni nimekifunga kwenye gati la mzee, nikarudi nyumbani nimelala kama mtu mwenye shahada. Siku ya tatu napita nasikia TAK. Nikadhani ni gati. Tak tena. Kuangalia ndani, mataruma mawili mapya yamepasuka katikati na ubao mmoja wa chini umeng'oka misumari yake umetoka nje kama jino bovu.

Tatizo siyo mjomba. Mjomba alikuwa anafanya kazi na mvule, na mvule hata uuloweke hauvimbi sana. Mwerezi mweupe ni laini, ukikaa miaka kwenye banda unakauka unasinyaa, nafasi zinafunguka, ukiurudisha majini unakunywa na kunenepa. Mimi nafasi zote nimeshazijaza pamba mpaka pomoni, sasa ubao unaponenepa uende wapi? Unasukuma mwenzake, wote wanasukuma taruma. Mzee alikuja akatazama akauliza pamba niliiweka nyingi kiasi gani, nikamwonyesha bunda lililobaki, akakaa chini kwenye ndoo akacheka mpaka akavua miwani.

Nikaanza upya. Safari hii uzi mwembamba tu wa pamba, unaubembeleza usiupigilie, na kabla ya kukirudisha majini nilikifunika magunia mabichi kwa wiki nzima ili kinywe taratibu. Kikavuja siku mbili za kwanza kama kikapu halafu kikafunga chenyewe, kimya. Na ile rangi ya kung'aa mzee aliniamuru niikwangue, alisema nimetengeneza kioo. Tukapaka ya udongo udongo isiyo na mng'ao, mbaya kweli kweli kwa macho.

Kujifunza kasia ndo kulinimaliza mabega. Mimi nimezoea pondo na kafi, ukisukuma unaona kitu kinaenda. Hili ukilizidishia nguvu linaruka kwenye tundu au linagonga, na ukigonga bata wameondoka, ndo maana pale linapopita tundu limevishwa ngozi yenye mafuta. Mwezi wa saba na wa nane kila jioni nilikuwa nazunguka duara palepale kama kuku aliyekatwa.

Mwezi wa kumi tukatoka. Leseni ninayo na stempu ya bata ya serikali kuu ya dola 25 nimeisaini. Injini ndogo ilitupeleka mpaka karibu tukaizima tukaipandisha, kwasababu sheria hairuhusu kumpiga ndege chombo kikiwa kinasukumwa na injini, lazima mwendo wake uwe umekwisha. Mkono ruksa. Mzee kalala kushoto kwangu na bunduki, mimi kasia. Bata weusi kama kumi hivi kwenye ukingo wa mpunga. Ilituchukua kama dakika arobaini kufika, nyingine tunaachia maji ya kupwa yatubebe tu, mkono umekufa ganzi, pua inawasha na huwezi kuikuna. Tukafika karibu mpaka nawasikia wanavyochuja matope kwa midomo. Mzee akainuka akapiga wawili, mmoja nikamuwahi na kisu nikasema bismillahi, yule wa pili mzee akachukua kwake.

Nilimpika kwa tui la kopo, nyama ni nyekundu nyeusi kama ini na inahitaji ndimu ya kutosha, na mara mbili nimetema kichuma mezani. Nikarusha picha ya chombo kwenye grupu la familia. Mjomba, ambaye huwa hajibu kitu zaidi ya "amin", safari hii kaandika: sasa wewe mashua gani hiyo umeshindwa kuipalilia mpaka imeota majani?