Siku tuliyosogeza jiko likafuata bomba

Watu wengi wakinunua jiko la kuni, lile la chuma la kupashia nyumba joto, swali la kwanza wanalouliza ni likae wapi. Likae karibu na kochi, au likae pembeni lisile nafasi. Mimi naamini swali la kwanza ni bomba litatokea wapi kwenye paa, maana jiko utalisogeza huku na huku lakini kenchi na kilele cha paa vimeshakaa pale vilipo, na hilo ndo lilinifanya nibishane na kaka yangu karibu asubuhi nzima nyumbani kwa mama.

Kaka alikuwa amemnunulia mama jiko zuri kweli, chuma kizito, tundu la moshi liko juu, kipenyo inchi 6. Nilivyofika nikakuta limeshapangiwa kona ya sebule na fundi ameshatoa mpango wake: bomba lipande kidogo, lipige kona, litoboe ukuta, likifika nje lipige kona nyingine ndo lipande mpaka juu. Sababu yake ilikuwa ya maana, hakutaka kukata bati, anasema paa likishatobolewa kesho mvua inaingia unaitwa usiku. Kaka akawa upande wake. "Dogo, moshi ni moshi tu, utatoka," akaniambia.

Mama ana kifua. Kwa hiyo mimi hilo neno "utatoka" halikunitosha kabisa, nikamwomba fundi anipe muda nieleze kabla hajawasha grenda.

Nikawaambia, kaka, moshi hausukumwi na jiko, unavutwa na bomba. Hewa ya moto ni nyepesi kuliko ya baridi, ikipanda ndani ya bomba refu lililo wima inaacha mvuto nyuma yake, na mvuto huo ndo unaoingiza hewa mpya kwenye kuni. Kila kona ya nyuzi 90 inaukaba huo mvuto, ndo maana miongozo mingi ya majiko haitaki zaidi ya kona mbili kama hizo njia nzima, yaani mpango wetu ulikuwa unaanzia pale pale kwenye mwisho wa kinachoruhusiwa. Halafu bomba likipanda nje ya ukuta linapigwa na baridi urefu wote. Moshi ukipoa chini ya nyuzi joto 120 hivi, mvuke na lami vinaganda kwenye kuta za bomba, hiyo ndo kriosoti, nyeusi, inanata, na inawaka, na ikishika moto humo ndani joto linaweza kupita nyuzi 1000. Na mvuto ukiwa dhaifu kuna kaboni monoksaidi, gesi ya sumu isiyo na harufu wala rangi, inaweza kurudi ndani mama amelala na asijue chochote.

Hata Benjamin Franklin kule Marekani, miaka ya 1740 alipobuni jiko lake, aliufanya moshi ushuke kwanza nyuma ya jiko ndo utafute dohani, na lilisumbua watu kwa sababu hiyo hiyo, dohani likiwa la baridi moshi ulikuwa hautaki kushuka. Hilo nilimwambia kaka, akacheka, ila akaacha kubisha akashika ngazi.

Tukapanda darini. Kenchi zilikuwa zimeachana sentimita 60 kutoka katikati hadi katikati, ukitoa unene wa mbao unabaki na kama 55. Bomba linalopita darini na paani linatakiwa liwe lile la kuta mbili lenye sufi ya kuzuia joto katikati, letu kwa nje lilikuwa kama sentimita 20, na linataka nafasi ya sentimita 5 kila upande bila mbao wala sufi ya darini kuligusa. Jumla 30. Linaenea vizuri bila kukata kenchi hata moja. Ila pale juu ya kona aliyoichagua fundi kulikuwa na mbao mbili zinakutana, yaani hata ungetaka kupandisha wima pale ungekata mbao inayobeba paa, na hilo hakuna aliyelitaka.

Nikachagua uwazi mmoja, nikapima katikati yake, nikapigilia msumari mdogo kwenye ubao tuliouweka kukingama, kisha fundi akatoboa tundu dogo kwenye silingi bodi tukashusha timazi, kamba yenye uzito uliochongoka nchani. Hii ndo sehemu niliyoipenda kuliko zote. Ile kamba ilikuwa inazunguka zunguka kabla ya kutulia, kaka yuko chini kapiga magoti na chaki mkononi anaisubiri, mama kasimama mlangoni anauliza kwani mnavua samaki, na timazi ilipotulia ncha yake ikawa inaelekea mahali ambapo hakuna aliyekuwa amepafikiria, hatua moja na kitu kutoka kwenye kona, karibu na dirisha. Kaka akaweka alama ya msalaba. Nikamwambia, katikati ya tundu la jiko ndo panakaa hapo.

Tukapima na ukuta wa mbao. Kutoka silingi kushuka hadi kwenye jiko tulikuwa na bomba jeusi la ukuta mmoja, na hilo linatakiwa likae sentimita 45 kutoka kwenye kitu chochote kinachoweza kuungua. Kaka aliona ni nyingi mno, mbona ukuta hata haupati moto? Lakini mbao ikichomwa na joto dogo dogo miaka na miaka inabadilika kwa ndani, inakuwa inashika moto kwenye joto la chini kuliko mwanzo, kwa hiyo ukuta uliokaa salama muda mrefu siku moja unawaka. Tulikuwa na 52, tukapita.

Urefu wa juu niliuchora kwenye boksi la jiko lenyewe kwa kalamu ya fundi. Kuna kanuni inayotumika sana Marekani, iko kwenye kiwango chao cha usalama wa mabomba ya moshi, NFPA 211: bomba litokeze angalau futi 3 juu ya pale linapotoboa paa, na liwe juu futi 2 kuliko sehemu yoyote ya nyumba iliyo ndani ya futi 10. Kwa mita ni kama 0.9, 0.6 na 3. Kilele cha paa kilikuwa mita 2 kutoka kwenye tundu letu na kimepanda sentimita 80, kwa hiyo 80 ongeza 60, unapata mita 1.4. Ukiishia kwenye zile 90 peke yake upepo unaovuka kilele unaweza kuurudisha moshi chini. Tukijumlisha kutoka juu ya jiko mpaka kofia ya bomba ikaja mita 4.65, na mingi ya miongozo inataka kuanzia mita 4.5 hivi, tukawa sawa bila hata kona moja.

Fundi alikubali kukata bati alipoona lile bati la kuzuia maji linalozunguka bomba linavyoingia chini ya bati la juu na kulala juu ya bati la chini, akalifanya kwa ustadi sana, sijawahi kusikia habari ya tone tangu siku hiyo. Ila kwenye kuunga vipande tukabishana tena. Yeye alikuwa anaelekeza ncha iliyokunjwa, ile nyembamba, juu, anasema moshi ukipanda usipate pa kuchungulia. Tukatoka nje na jagi la maji. Nikamwomba aunge vipande viwili anavyotaka yeye, tukamwaga maji kwa juu, yakachuruzika nje pale kwenye kiungo. Tukageuza, ncha nyembamba ikaelekea chini, maji yakapita ndani yote mpaka mwisho. Kriosoti na maji ya mvuke hushuka hivyo hivyo, na moshi wala hautoki kwenye kiungo kwa sababu ndani ya bomba ni mvuto, hewa ya sebuleni ndo inayoingia. Fundi akaangalia ule unyevu chini akasema, "Haya bosi, hapo nimekuelewa," akaanza kuvigeuza, kila kiungo skrubu tatu.

Kabla ya kuwasha tulifungua madirisha maana rangi nyeusi ya bomba ikipata moto mara ya kwanza inatoa moshi na harufu yake. Nikakunja gazeti, nikaliwasha karibu na tundu la moshi ili lipashe bomba kwanza. Mwali ulilala kidogo, ukasita, halafu ukanyanyuka wote kwa mara moja ukaingia bombani na ule mvumo ukasikika. Kaka hakusema kitu, aliingiza kuni tu. Mama akavuta kiti.

Msimu ulipoisha tulipitisha brashi kutoka juu, ikashuka moja kwa moja hadi chini bila kukwama popote, ukitoa kona hata usafi unakuwa mwepesi. Kilichotoka ni masizi makavu, utando mwembamba, hata milimita 3 zinazosemwa ndo kikomo cha kusafisha hazikufika, na kuni zetu zilikuwa zimekaushwa vizuri pia, hilo nalo lina mchango wake. King'ora cha kaboni monoksaidi tulichokifunga karibu na chumba cha mama kimelia siku ya kukijaribu tu.