Vifungo vya blauzi ya Kiblaan vilivyonitoa jasho

Nilipokuwa General Santos, kusini mwa Mindanao huko Ufilipino, kwa kozi ya kusindika jodari, nilipanga chumba kwa mama mmoja Mblaan, kabila la wenyeji wa huko. Siku moja akanitolea sandukuni blauzi ya marehemu mama yake: nyeusi, mikono mirefu ya kubana, imedariziwa kwa uzi mwekundu, mweupe na wa manjano, na juu ya darizi safu za vifungo vidogo vya gamba la chaza. Vingi vilikuwa vimedondoka. Kisa nilimwambia kwamba bibi yangu wa Tanga alidarizi kofia, basi mimi nimeshakuwa fundi!

Nilianza kwa kukosea. Nilikamata ndimu ning'arishe vifungo kama tunavyosugua sinia za shaba. Mama akanidaka mkono. Gamba lile ni chokaa, ndimu hulila na mng'aro ukapotea. Maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo yalitosha. Kisha nikabonyeza kitambaa cheupe chenye unyevu juu ya uzi mwekundu, kikatoka chekundu. Rangi inachuja, kwa hiyo blauzi sikuifua, niliipangusa vumbi tu kwa brashi laini.

Kushona sasa. Tundu la gamba lina ukingo mkali, nao hukata uzi polepole. Vya kwanza nilivishona kwa uzi mtupu, na baada ya siku mbili vitatu viko sakafuni. Nikafumua vyote. Safari hii uzi niliupitisha kwenye nta ya nyuki, na kila kifungo nikakipa fundo lake, ili kimoja kikikatika kisiondoke na wenzake. Sindano iliingia kwenye vitundu vilevile vya zamani. Pale visipoonekana nilifuata alama ya kitambaa kisichopauka.

Kazi hiyo ilikula jioni kumi na moja. Mama alikaa pembeni na tabih yake, sketi ya nyuzi za abaka, jamaa ya mgomba, ambazo hufungwa mafundo kabla ya kutiwa rangi ili nakshi itokee kwenye kufuma. Kwa ufumaji huo Fu Yabing Masalon Dulo wa Polomolok, jirani na General Santos, alitunukiwa hadhi ya Hazina Hai ya Taifa mwaka 2016. Tabih ile ilikuwa na tobo pindoni. Nilijifanya sijaliona.

Mwishoni vilibaki vifungo vinne visivyo na mahali. Mama akavifunga kwenye kitambaa, akavirudisha sandukuni.