Kadi ya Grafiki ya Kaskazi ya 2015

Mwanzoni mwa mwaka 2015 nilikuwa nikiishi Tudor, Mombasa, nikiwatengenezea wasanifu majengo picha za nyumba ambazo bado hazijajengwa, na kadi ya grafiki niliyokuwa nayo, GeForce GTX 650 Ti yenye memori ya GB 1, ilikuwa imezidiwa kabisa na kazi hiyo. Nilitumia Blender, programu ya kuchora vitu vya pande tatu, ambayo injini yake ya Cycles ilitaka mandhari yote, yaani kuta, miti, samani na picha zote za mbao na vitambaa, yaenee ndani ya memori ya kadi kabla ya kuanza kurenda, yaani kukokotoa picha ya mwisho. Yasipoenea, kazi ilirudi kwa prosesa kuu ya kompyuta, na picha moja ya ua wenye mimea ilinichukua usiku mzima, huku nikiomba umeme usikatike kabla ya alfajiri. Mteja akisema tu kwamba mlango ungependeza zaidi ukiwa wa rangi nyingine, usiku mwingine ulikuwa umekwenda.

Niliamua kununua kadi mpya, na sharti langu la kwanza lilikuwa kwamba iwe kadi inayokubali kufanyiwa ovakloki vizuri, yaani kuendeshwa kwa kasi iliyopita ile iliyowekwa na kiwanda. Wengi hudhani kwamba jambo hili ni la wacheza gemu peke yao, lakini mtu anayerenda hulihitaji zaidi, kwa sababu katika gemu ongezeko la kasi ya chipu huweza kupotelea kwenye prosesa au kwenye kioo chenyewe, ilhali katika kurenda muda hupungua karibu sawasawa na kasi inavyopanda. Asilimia 8 ya kasi ni karibu asilimia 8 ya kazi, kila usiku, bila kuongeza shilingi. Fedha zangu hazikufika kwenye GTX 980, kadi ya bei ya juu ya Nvidia, kwa hiyo nilitafuta kadi ya chini yake ambayo watengenezaji walikuwa wameiachia nafasi ya kupanda.

Ushindani ulibaki kati ya kadi mbili. Ya kwanza ilikuwa Radeon R9 290 ya AMD, iliyotoka Novemba 2013 kwa dola 399 na ambayo bei yake sasa ilikuwa imeteremka sana. Ilikuwa na memori ya GB 4 na njia ya memori ya biti 512, kadi yenye misuli kwelikweli. Ya pili ilikuwa GeForce GTX 970 ya Nvidia, iliyotoka Septemba 2014 kwa dola 329. Kwa upande wa programu shauri lilikuwa jepesi, kwa kuwa wakati huo Cycles ilifanya kazi kwa CUDA, mfumo wa Nvidia wa kufanyia hesabu kwenye kadi zake, na kadi za AMD zilikuwa bado hazijapata nafasi ya kuaminika ndani yake. Hata hivyo sikutaka kuchagua kwa sababu hiyo moja tu, hasa kwa vile Januari hiyohiyo ilikuwa imefichuka kwamba kati ya GB 4 za GTX 970, nusu GB ya mwisho ilikuwa ya polepole mno kuliko GB 3.5 za mwanzo, na Nvidia wenyewe wakakiri kwamba maelezo ya awali ya kadi hiyo hayakuwa sahihi. Watu walikasirika, na walikuwa na haki. Mimi nilifungua kazi zangu kubwa kuliko zote nikapima memori zilizohitaji, na hakuna iliyofika GB 3.

Kilichoamua hasa ni joto. Mtu anayeishi katika nchi ya baridi anaweza kusoma kwamba kadi fulani hufika kasi ya MHz 1,500 na asijali hewa ya chumbani, lakini kaskazi ya Mombasa ni jambo jingine: mwezi Februari chumba changu cha juu kilikuwa na nyuzi 33 mchana, hewa nzito ya chumvi, na pangaboi moja. Chipu inapopata joto huvujisha umeme zaidi, ikivujisha hupata joto zaidi, na GTX 970 ikikaribia nyuzi 80 huanza kujishusha kasi yenyewe. R9 290 yenye kipoza cha kiwandani ilikuwa ikifanya kazi kwenye nyuzi 95 kabla hujaigusa, ikila takriban wati 275. GTX 970 ilipangiwa wati 145. Kwa maoni yangu, hapo ndipo uwezo wa ovakloki unapotakiwa kupimwa: si kasi ya juu iliyowahi kufikiwa na mtu fulani, bali umbali uliobaki kati ya mahali kadi inapofanyia kazi na ukuta wa joto na umeme itakaougonga, ukipimwa katika chumba ambamo kadi hiyo itakaa.

Ami yangu mdogo alikuwa Dubai, fundi wa viyoyozi, na alikuwa anakaribia kuja nyumbani kwa likizo. Nilimwomba apite Al Ain Centre, Bur Dubai, ambako maduka ya kompyuta yamebanana, aniangalizie GTX 970. Jioni moja akaanza kunitumia picha kwa WhatsApp, kadi baada ya kadi, akiwa amesimama mbele ya kaunta. Nilimwambia asijishughulishe na picha za maboksi, bali anipigie picha ubavu wa kadi mahali panapochomekwa nyaya za umeme.

Nilikuwa na sababu. Nafasi ya ubaoni inamochomekwa kadi hutoa wati 75, soketi ya pini 6 hutoa wati 75, na ya pini 8 hutoa wati 150. Kadi yenye soketi mbili za pini 6, kama ilivyopangwa na Nvidia, ina jumla ya wati 225, na yenye pini 8 moja vilevile. Yenye pini 8 pamoja na pini 6 ina wati 300. Namba hizo hazisemi kadi itakula kiasi gani, lakini zinaonyesha kama mtengenezaji ameijenga kwa ajili ya kupandishwa au kwa ajili ya kuuzwa tu.

Ami hakuwa anajua kadi za grafiki, ila alilijua joto kuliko mimi. Ujumbe wake wa sauti ninaukumbuka vizuri: "Mwanangu, nimewekewa mbili hapa. Hii ya feni moja imefungwa pande zote, inasukuma joto nje kwa nyuma. Hii ya feni mbili ina mapezi mengi na mabomba mazito ya shaba, lakini joto lake inalimwaga ndani ya kasha. Kasha lako lina pa kutolea hewa?" Nilimjibu kwamba lina feni moja tu ya nyuma. Akasema, "Basi chukua ya feni mbili, na kasha tulifanyie dawa. Hewa iingie mbele chini, itoke nyuma juu. Na ujue kila wati inayoingia humo itakutokea chumbani ikiwa joto, hiyo haina ujanja."

Kulikuwa na moja ya feni tatu niliyoitamani, G1 Gaming ya Gigabyte, iliyotoka kiwandani ikiwa imepandishwa hadi MHz 1,329 badala ya 1,178 za kawaida, lakini ilikuwa na urefu wa sentimita 31 na kasha langu lisingeimeza bila kukatwa sehemu ya diski. Tukachukua MSI Gaming 4G ya feni mbili, sentimita 27, yenye soketi za pini 8 na pini 6. Ami akaja nayo ndani ya begi la mkononi, imezungushiwa kanzu mbili.

Tulifunga feni mbili mpya mbele ya kasha kwanza, kisha kadi. Bila kuguswa, ilijipandisha yenyewe hadi MHz 1,329 ikatulia hapo. Nikafungua MSI Afterburner, programu ya kurekebisha kasi na umeme wa kadi, nikasogeza kikomo cha umeme hadi mwisho, nikaacha volteji kama ilivyo, kwa sababu volteji ndiyo inayoongeza joto kwa haraka kuliko kitu kingine, nikaanza kupanda hatua ndogondogo. Kadi hizi hazipandi kwa MHz moja moja. Huruka kwa ngazi za karibu MHz 13. Kwenye 1,455 programu ya majaribio ya Unigine Heaven ilikwenda bila doa. Kwenye 1,493 nilianza kuona vinukta vyeupe vikimetameta juu ya paa za mawe, kisha kioo kikawa cheusi na Windows ikatangaza kwamba draiva imeacha kuitika na imerudishwa.

Ila jaribio nililoliamini lilikuwa kazi yenyewe. Nilirenda ua uleule mara mbili kwa kasi ya 1,455 na kuzilinganisha picha pikseli kwa pikseli; mchana wa joto, vipande viwili vidogo vilitoka vyeusi. Heaven haikuwa imeonyesha kasoro hiyo. Nikashuka ngazi moja, 1,443, na kwenye hiyo picha zililingana kila nilipojaribu, kadi ikiwa kwenye nyuzi 74. Nilipotazama kwa GPU-Z, programu inayoonyesha hali ya kadi, niligundua pia kwamba wakati wa CUDA kadi huishusha memori yake hadi MHz 1,502 badala ya 1,750, kwa hiyo niliacha kuhangaika na kasi ya memori na kubaki na ya chipu.

Ua ule ulirendwa kwa dakika 65, badala ya dakika 70 ambazo kadi hiyohiyo ilichukua kabla sijaipandisha, na badala ya usiku mzima wa prosesa. Mteja alibadilisha rangi ya mlango mara mbili tena, na picha zote mbili alizipata siku ileile. Ami alikuwa bado hajarejea Dubai; aliweka kiganja nyuma ya kasha kupima hewa inayotoka, akaniambia feni ya nyuma ni ndogo, nitafute kubwa zaidi. Nikaitafuta, na kusi ilipoingia nikarudi kwenye 1,455, safari hii bila kipande cheusi.