Siku moja na 250 ya mipigo miwili: nilikuwa natibu kabureta, mgonjwa alikuwa sili

Saa 12:10 asubuhi

Kuna watu wakipata likizo ya siku moja wanalala. Mimi jua halijatoka nimeshachuchumaa nyuma ya nyumba na ndoo ya maji na brashi, nasugua tope la safari ya mwisho kwenye pikipiki yangu, cc 250 ya mipigo miwili (two-stroke). Kuosha si urembo. Leo injini inafunguliwa, na chembe moja tu ya mchanga ikidondokea ndani, bora ningebaki kitandani. Nimeziba ekzosi kwa kitambaa, nimepita chini ya kabureta na kuzunguka silinda, mpaka kwenye zile pembe zinazofikiwa na mswaki peke yake.

Ugonjwa wenyewe ni huu: nikiachia akseleta, resi hazishuki. Zinabaki juu sekunde mbili tatu, kama mtoto aliyeitwa akajifanya hajasikia, ndipo zinaporomoka. Kwenye kilima kirefu nasikia mlio mkavu, kama kokoto ndani ya kopo. Wiki mbili nzima nimekuwa nikiitibu kwa kabureta. Nimepandisha jeti kubwa (kitundu kinachopitisha petroli) mara mbili, nimenyanyua sindano yake, nimebadilisha na jeti ndogo. Kila dawa inafanya kazi siku moja, kesho yake ugonjwa umerudi.

Saa 1:15

Kiti chini, tangi chini, plagi nje. Nyeupe kama jivu. Plagi ya injini iliyo sawa huwa na rangi ya kahawia. Hii inasema hewa imezidi petroli. Kwenye injini ya mipigo minne ningepoteza nguvu na kupata joto tu. Kwenye mipigo miwili kuna zaidi ya hapo, maana oili ya kulainisha pistoni na beringi za krenki (ekseli inayozungushwa na pistoni) inasafiri humohumo ndani ya petroli. Petroli ikipungua, kilainishi nacho kimepungua, saa ileile joto linapopanda. Hivyo ndivyo pistoni inavyokwama ndani ya silinda.

Na hewa hii haipiti kwenye kabureta, kwa sababu kabureta nimeshaimwagia petroli yote inayoweza kupokea. Inaingilia mlango mwingine.

Saa 2:00

Kifaa changu cha kutafutia uvujaji kilikuwa mashine ya kupimia presha. Ile ya hospitali, ya mpira wa kubonyeza na saa ya mviringo. Ule mfuko wa kufunga mkononi nimeutoa, nimebaki na pampu, mpira na saa. Inasoma mpaka 300, na 300 hiyo ni karibu psi 6, ndicho kiasi hasa kinachotakiwa. Ukizidisha sana unaweza kuzing'oa sili zilizokuwa nzima, zile pete za mpira zinazozuia uvujaji kwenye krenki.

Nimeshusha pistoni chini kabisa ili juu na chini ya silinda pawe chumba kimoja. Mdomo wa ekzosi nimeufunga kwa kipande cha tyubu na bati, mdomo wa kabureta nimeuziba kwa kizibo cha mpira chenye tundu la kupitisha mpira wa pampu. Nikabonyeza hadi 300, nikashika saa.

Injini nzima isipoteze zaidi ya psi 1 kwa dakika, yaani kama alama 50 kwenye saa hii. Yangu imeshuka kutoka 300 hadi 200 kabla dakika haijaisha.

Maji ya sabuni kwenye gasketi ya chini: kimya. Kwenye mpira wa kabureta, ambao ndio niliokuwa nimeushutumu siku zote: kimya. Hedi, plagi: kimya. Ikabaki sehemu ambayo macho hayafiki, nyuma ya magneti, lile gurudumu la sumaku kwenye ncha ya krenki.

Saa 2:50

Magneti haitolewi kwa nyundo. Narudia kwa faida ya jirani yangu: haitolewi kwa nyundo. Ina kifaa chake cha kuivuta, na kwenye pikipiki nyingi za aina hii uzi wake ni wa kushoto, kwa hiyo unakaza ukielekea upande uliozoea kulegeza. Imelia "pang!", ikaachia.

Nikapampu tena, nikadondosha sabuni kuzunguka krenki. Upande wa chini wa sili likaota povu moja dogo, likavimba polepole mpaka kimo cha njegere, likapasuka. Likaota jingine palepale. Nimekaa nalitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Wiki mbili za jeti, pesa na hasira, na mwizi ni ukingo wa mpira mwembamba kuliko ukucha.

Kwa anayeanza: kwenye injini hii tumbo lenyewe, yaani chumba cha krenki, ni pampu. Pistoni ikipanda, tumbo linavuta. Ikishuka, linasukuma mchanganyiko kwenda juu. Sili mbili za krenki ndizo mipaka ya pampu hiyo. Ya upande wa magneti ikichoka, inavutwa hewa kavu, na dalili ni kama zangu. Ya upande wa klachi ikichoka, inavutwa oili ya gia: moshi mweupe hauishi na oili ya gia inapungua bila tone kuonekana chini.

Bahati yangu, sili hii inatoka kwa nje bila kupasua kesi ya injini. Nimeitoboa kitundu, nikafunga skrubu ndogo, nikaivuta kwa koleo huku nimeshika pumzi, maana mkwaruzo mmoja kwenye krenki na sili mpya itavuja vilevile. Mpya nimeipaka grisi mdomoni, upande wenye springi ukitazama ndani, nikaisukuma kwa soketi ya ukubwa wake.

Saa 4:30

Kwa kuwa pistoni nayo saa zake zimefika, nikafungua juu. Nati za hedi kwa msalaba, kidogo kidogo. Silinda ikanyanyuka.

Sketi ya pistoni upande wa kabureta ina mikwaruzo myembamba ya wima: vumbi, na hapo lawama ni ya filta yangu niliyoipaka oili kwa haraka. Ringi ya zamani nimeisukuma ndani ya silinda, nikaingiza fila geji (vibati vya kupimia mwanya) kwenye mwanya wake: milimita 0.75. Mpya ikapima 0.45, na kitabu cha pikipiki yangu kinataka kati ya 0.40 na 0.55. Ukuta wa silinda una tabaka la nikeli na silikoni kabaidi, kwa hiyo jiwe la kusagia halitii mguu hapa. Nimesugua kwa dodoki la jikoni na maji ya sabuni tu.

Kisha klipu ya zamani ya pini ikaruka. Nilikuwa nimejaza kitambaa kwenye tumbo la injini, lakini nani atafunga injini kwa imani? Nusu saa nimetambaa na tochi. Nimekunguta nguo, nimekunguta kitambaa, nimegeuza masanduku. Ilikuwa mezani, imenata ndani ya magneti. Sumaku iliidaka hewani. Magneti ingerudi mahali pake na klipu ile ndani, koili zote zingechanwa nilipopiga kiki ya kwanza.

Saa 7:20 mchana

Mdogo wangu amefika na boksi refu begani.

"Kaka, nimekuletea dawa. Ekzosi mpya, funga hiyo uone inavyoruka."

Nikamwambia akae kwanza. Ekzosi ya mipigo miwili, lile tumbo lililovimba, si bomba la kutolea moshi tu. Wimbi la presha likitoka linafika penye kupanuka, linarudisha mvuto unaonyonya mchanganyiko mpya kutoka chini. Likifika penye kusinyaa linarudisha msukumo, na mchanganyiko uliokuwa unatorokea nje unarudishwa ndani kabla mlango haujafungwa. Walter Kaaden wa kiwanda cha pikipiki cha MZ, Ujerumani Mashariki, ndiye aliyeikomaza sayansi hiyo, na kufikia 1961 injini yake ya cc 125 ilitoa nguvu za farasi 25. Mwaka huohuo dereva wake Ernst Degner akatorokea Magharibi, akahamia Suzuki na ujuzi huo, na 1962 Suzuki ikachukua ubingwa wa dunia wa cc 50.

"Sasa si ndiyo uifunge?"

"Urefu wake ndio unaoamua resi gani wimbi litarudi kwa wakati. Hii imekatwa kwa resi za juu. Sisi tunapanda mawe kwa gia ya kwanza."

Alinuna. Boksi likabaki ukutani.

Marekebisho niliyokubali ni madogo: kupunguza nafasi kati ya pistoni na hedi. Nimeweka waya wa solda pande mbili za pistoni, sambamba na pini ili isiyumbe, nikafunga hedi, nikazungusha krenki, nikapima ulipobanwa: milimita 1.75. Nikatoa gasketi ya chini ya 0.5, nikaweka ya 0.2. Ikasoma 1.45. Kwenye resi za chini, ambako ninaitumia injini hii kila siku, hiyo itasikika kuliko boksi la mdogo wangu.

Saa 9:40

Kufunga. Mshale wa pistoni kwenye ekzosi, ringi zikikaa kwenye vijipini vyake, klipu mpya midomo ikitazama chini. Vali ya ekzosi nimeikwangua masizi. Mdogo wangu, kinyongo kimepungua, ameshika silinda nami nabana ringi kwa vidole.

Pampu tena: 300. Dakika sita baadaye, 300. Tumetazamana.

Jeti zote nimezirudisha za zamani. Petroli lita 5, oili mililita 156, yaani 1 kwa 32. Na hapa watu hubishana: ukiongeza oili hujaongeza petroli, umeipunguza, kwa sababu sehemu ya kinachopita kwenye jeti sasa ni oili.

Saa 11:30 jioni

Kiki ya nne imewaka. Nimeiacha ipate moto, nikaizima, ikapoa mpaka silinda inashikika kama kikombe kilichosahaulika. Mara tatu hivyo, kisha nati za hedi nikazipitia tena zikiwa baridi.

Mara ya tatu ndipo nilipopiga resi moja, fupi, nikaachia. Zikashuka papo hapo. Nikarudia, si kwa kupima tena, kwa raha tu.

"Na ekzosi yangu?" mdogo wangu akauliza.

"Kamalize hizo lita 5 kwanza."

Ameshavaa helmeti.