Msichana wa Uhabeshi katika ndoto ya Coleridge

Shairi la Kubla Khan likitajwa, watu huanza na yule mgeni aliyebisha hodi. Kisa kimo katika utangulizi alioandika mshairi mwenyewe, Mwingereza Samuel Taylor Coleridge, lilipochapwa mwaka 1816. Anasema mwaka 1797, akiwa kwenye nyumba ya shambani karibu na Porlock, Uingereza, alikunywa dawa, akasinzia huku anasoma katika kitabu cha safari cha Purchas habari za kasri la Kubla, mfalme wa Wamongolia, huko Xanadu. Usingizini zikamjia beti za mistari 200 hadi 300. Alipoamka akaanza kuandika, mara akaja mtu wa Porlock na shughuli yake, akamweka zaidi ya saa nzima. Aliporudi mezani, yaliyobaki yamekwisha kumtoka. Tunayo mistari 54.

Kisa kitamu, lakini mimi hakinishiki. Nakala ya mwandiko wake iliyojitokeza mwaka 1934 inataja afyuni, na mgeni hamo kabisa.

Mimi nilishikwa na sauti. Nimekulia Mikindani, katika nyumba iliyosomwa tenzi, na nilipolisoma shairi hili kwa sauti barazani nikajikuta nahesabu. "In Xanadu did Kubla Khan": mizani nane. Mstari wa pili nane, wa tatu nane, wa nne nane. Wa tano ukakatika kwenye sita, pale mto unapoteremka kwenye bahari isiyo na jua. Sikio lililozoea utenzi linashtuka hapo!

Halafu anaingia msichana wa Uhabeshi na ala yake ya nyuzi, anauimba mlima Abora. Katika ile nakala ya mkono mlima huo ni Amara, wa huko huko Uhabeshi, ambako ilisimuliwa kwamba wana wa wafalme walifungiwa. Coleridge anasema laiti angeweza kuufufua ndani yake wimbo wa binti yule, angelijenga hewani lile kuba la kasri la Kubla. Tazama hapo: Kubla alijenga kwa amri, mshairi anahitaji wimbo wa mwanamke aliyemwona njozini, na wimbo haukumbukiki.

Hilo nalijua. Mama mkubwa alikuwa akiimba anapobangua korosho, wimbo mrefu wa Kimakonde. Nimebaki na ubeti mmoja na kipande. Kila msimu wa korosho nauvuta uliosalia, hauji, na hakuna wa kumuuliza.

Jina la Xanadu limefika mbali. Orson Welles alilipa jumba la tajiri katika filamu ya Citizen Kane, 1941; Ted Nelson akauita hivyo mradi wake wa maandishi ya kompyuta alioubuni mwaka 1960. Magofu ya Xanadu yenyewe, yaani Shangdu, kaskazini mwa China, yaliingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2012. Wote hao wameshika kasri.

Wewe unayelisoma mara ya kwanza, anzia mstari wa 37, kwa msichana. Soma kwa sauti hadi mwisho, ndipo upande juu kwa mfalme.