Bustani ya Nyumbani Katika Kiangazi cha Tabora

Hapa Tabora mvua hukatika kuelekea mwanzoni mwa Mei, na kwa kawaida hairejei mpaka Novemba. Kwa hiyo Septemba na Oktoba, wakati joto limepanda na ardhi imekwisha kumaliza unyevu wake, ndiyo miezi migumu kwa bustani ya nyumbani. Msimamo wangu ni kwamba katika kipindi hicho ukubwa wa bustani upangwe kwa maji yaliyopo, si kwa nafasi iliyopo uani.

Hesabu yake ni nyepesi. Maji yenye kina cha milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Mboga za majani zilizokwisha kutanda huweza kuhitaji milimita 5 hivi kwa siku katika jua la Oktoba, hivyo tuta lenye upana wa mita 1 na urefu wa mita 4 hunywa ndoo nzima ya lita 20. Mwenye uwezo wa kupata ndoo mbili kwa siku, yakiwemo maji yaliyooshea mchele na mboga, ana matuta mawili tu. Ni heri hayo mawili yakatoa mchicha wa kuchuma kila wiki kuliko kugawa maji hayo kwa matuta mengi yasiyoshiba.

Udongo wa maeneo mengi ya hapa ni wa kichanga na maji huupita upesi, ndiyo maana samadi iliyooza vizuri ni ya lazima. Katika kiangazi ninapendelea pia kitanda kilichochimbwa chini kidogo na kuzungushiwa kingo, kwa sababu tuta lililoinuka hukauka kutoka kila upande. Juu yake ninatandaza nyasi kavu. Ukiziinua saa nane mchana na kuchomeka kidole, udongo wa chini bado umeshikamana na una ubaridi, ilhali hatua moja pembeni, palipo wazi, unachuruzika kama sukari. Tatizo ni mchwa, ambao huzifuata nyasi hizo kwa bidii. Inabidi kuzikagua mara kwa mara, kubomoa njia zao za udongo na kuziacha nyasi mbali kidogo na mashina.

Kumwagilia ni alfajiri au jioni, taratibu, kwenye shina.

Sukuma wiki hudai uangalizi wa pekee, kwa kuwa hakuna mvua ya kuwaosha vidukari, wadudu wadogo wanaofyonza majani. Hujificha upande wa chini wa jani changa, wamebanana, wakiwa na unga wa kijivu, na jani huanza kujikunja. Jani lililojaa ninaling'oa. Yaliyobaki ninayaosha kwa maji yenye sabuni kidogo, jua likishapoa.

Maji yakipungua zaidi, kitanda cha mwisho kuachwa kiwe cha matembele. Hicho si mboga ya sasa tu, bali ni hazina ya mbegu za viazi vitamu, maana mwenye marando mabichi, yaani mashina yatambaayo ya viazi hivyo, Novemba hahangaiki kuyatafuta mabondeni. Nayo yasikatwe kwa manyunyu ya kwanza. Yasubiri mpaka mvua irudie na unyevu ushuke chini ya kina cha jembe, ndipo yakatwe vipande vya sentimita 30 hivi na kupandwa matutani.