Nilivyofuatilia rufaa ya mtu aliyemnajisi mtoto wetu

Habari ya rufaa niliipata kibandani kwangu Januari 2024, nikiwa napinda sketi ya shule. Mteja aliyekuja kuchukua nguo yake aliniuliza kama nimesikia kwamba yule mtu amekata rufaa na karibu atatoka. Nikasimamisha cherehani. Sikuwa nimesikia lolote.

Tunaishi Kaunti ya Vihiga, magharibi mwa Kenya, si mbali na Chavakali. Mtoto ni binti wa marehemu kaka yangu, ananiita senge, yaani shangazi, na yuko kwangu tangu alipokuwa na miaka sita. Jina lake sitaliandika, wala la kijiji. Aliyemtendea unyama huo alikuwa jirani, mtu tuliyekuwa tukiazimana jembe. Ilikuwa Agosti 2021, mtoto akiwa na miaka 12. Alikamatwa wiki hiyo hiyo, akakaa rumande muda wote wa kesi, na Februari 2023 hakimu akamfunga miaka 20. Nilirudi nyumbani siku hiyo nikijua nimemalizana na korti.

Jioni nilimweleza mtoto kabla hajasikia kwa watu njiani. Aliuliza jambo moja tu: "Senge, nitaitwa tena?"

Nilimwambia nitauliza. Na hilo swali ndilo lililoniondoa nyumbani kwenda kutafuta majibu, kwa sababu nilikumbuka siku aliyotoa ushahidi. Watu walitolewa nje, hakimu akamuuliza kwanza kama anajua maana ya kiapo, kisha akaanza. Alizungumza, akalia, akazungumza tena. Usiku ule hakula, na kwa miezi mingi baadaye hakuweza kulala taa ikizimwa. Nilijiapiza kwamba hatapitishwa pale mara ya pili nikiwa hai.

Kanisani kwetu kuna dada mmoja aliyepata mafunzo ya usaidizi wa kisheria. Nilimwendea Jumapili hiyo hiyo. Alinieleza taratibu, tukiwa tumekaa kwenye benchi la nje. Rufaa ni haki ya kila aliyefungwa, iko kwenye Katiba, Ibara ya 50. Anayo siku 14 baada ya hukumu, na hata akichelewa anaweza kuomba ruhusa. Rufaa ya kwanza kutoka kwa hakimu huenda Mahakama Kuu, na jaji hawaiti mashahidi upya. Anasoma kumbukumbu zote za kesi ya chini, neno kwa neno, anazipima mwenyewe na kufikia uamuzi wake, akikumbuka kwamba yeye hakuwaona mashahidi wakizungumza. Wanasheria hurejelea kesi ya Okeno ya mwaka 1972 kuhusu jambo hilo. Akishasoma, anaweza kuitupa rufaa, kumwachilia mtu, kubadilisha kifungo, au kuamuru kesi isikizwe upya.

"Hiyo ya mwisho ndiyo mtoto ataitwa," akasema. "Zile nyingine, hapana."

Kwa hiyo nilijua cha kuogopa. Sikumchukia mtu yule kwa kukata rufaa. Ndugu yangu akifungwa, mimi pia nitataka jaji mwingine aangalie kama hakimu alikosea. Kilichoniuma ni kwamba karibu mwaka mzima ulikuwa umepita na hakuna aliyenyanyua simu kutuambia. Ipo Sheria ya Ulinzi wa Waathiriwa ya 2014 inayompa mwathiriwa haki ya kupewa habari na kusikizwa. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu, iliyo juu ya zote nchini, katika kesi ya Waswa iliyoanzia hapa jirani Bungoma, ilisema wazi kwamba mwathiriwa si mtazamaji tu. Dada yule aliniandikia barua kwa kutaja sheria hiyo, nikaipeleka mwenyewe Mahakama Kuu kule Kakamega, na baada ya kurudi mara mbili nikapata nakala ya kumbukumbu za kesi pamoja na sababu zake za rufaa.

Sababu zilikuwa sita, zimeandikwa kwa mkono huko gerezani. Kwamba umri wa mtoto haukuthibitishwa. Kwamba hakukufanywa kipimo cha DNA. Kwamba mtoto alikuwa peke yake na hakuna aliyeshuhudia. Kwamba kesi ni ya kusingiziwa kwa ajili ya ugomvi wa mpaka wa shamba. Kwamba utetezi wake haukuzingatiwa. Kwamba kifungo ni kikali.

Kumbukumbu nilizisoma usiku wa siku mbili, mtoto akiwa shuleni. Hakimu alikuwa ameandika kwa mkono, kisha zikapigwa chapa. Mtoto alisema kwa Kiswahili na Kilogoli, lakini kwenye karatasi yote yalikuwa Kiingereza. Ilinichukua muda kumtambua ndani ya maneno yale. Kisha nikafika mahali hakimu alipoandika, katikati ya ushahidi, kwamba shahidi analia na mahakama inasimama kwa dakika chache. Chini yake: shahidi yuko tayari kuendelea. Na mwishoni, kwamba mtoto amejibu maswali ya mshtakiwa bila kubabaika na mahakama imeridhika kwamba anasema kweli. Mistari mitatu. Wakati ule kortini sikujua kwamba hakimu anaandika vitu kama hivyo. Jaji ambaye hakumwona mtoto angemwona kupitia mistari ile tu.

Ushahidi wangu ulikuwa mbele kidogo. Nilimpelekea dada yule faili, naye akaweka kidole kwenye mstari mmoja, akaniuliza kama nilitoa cheti cha kuzaliwa kortini.

"Nilikitoa. Kikatiwa alama."

"Na sasa kiko wapi?"

Kilikuwa kwenye sanduku langu la bati. Nilirudishiwa siku ile ile, nami nikashukuru kwamba hakikupotea. Hapo ndipo nilipofundishwa tofauti ambayo laiti ningeijua mapema. Karatasi ikishaonyeshwa na shahidi hutiwa alama kwanza, ili itambulike. Baadaye lazima mtu, mara nyingi afisa wa uchunguzi, aitoe rasmi iwe kielelezo. Afisa wetu alihamishwa mbali, akaja siku moja tu kutoa ushahidi, akaeleza alivyomkamata mtu, na cheti hakikutajwa tena. Kisheria ni kama hakimu hakukiona.

Na umri ndio nguzo ya kesi hizi. Upande wa mashtaka unathibitisha mambo matatu: umri wa mtoto, kitendo chenyewe, na kwamba aliyefanya ni huyu. Tena umri ndio unaoamua kifungo. Kwa Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, kifungu cha 8, mtoto wa miaka 11 kushuka chini ni kifungo cha maisha. Wa miaka 12 hadi 15, si chini ya miaka 20. Wa 16 hadi 18, si chini ya 15. Nilitoka pale miguu haina nguvu, nikiona karatasi yangu ya kwenye sanduku inavyoweza kumrudisha mtoto kizimbani.

Nilimwendea wakili wa serikali aliyepewa rufaa ile, kijana mpole, meza imejaa mafaili. Nilikuwa nimesikia kwamba wakati mwingine wakili wa serikali mwenyewe anasimama na kukubaliana na rufaa akiona kesi ina kasoro, nikataka kujua mapema. Alinisikiliza, akafungua ukurasa wa ushahidi wangu, akasoma kimya. Kisha akasema, "Mama, hapa wewe umesema nini kuhusu kuzaliwa kwake?"

Nilikuwa nimesema yaliyotokea. Kwamba ilikuwa Jumapili ya mwezi Machi 2009, watu wakipanda mahindi, na mimi ndiye niliyempeleka mama yake zahanati usiku kwa baiskeli ya bodaboda, nikamshika mtoto kabla hata baba yake hajafika. Niliyasema kwa sababu mwendesha mashtaka aliniuliza nimejuaje umri wake. Mshtakiwa hakunipinga kwa lolote hapo. Wakili akanieleza kwamba cheti ni njia moja tu. Umri unaweza kuthibitishwa kwa kadi ya kliniki, kwa kipimo cha daktari, hata kwa maneno ya mzazi au mlezi chini ya kiapo, na fomu yetu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari hujaza, nayo ilitaja miaka 12. Alisema Mahakama Kuu inaweza kupokea ushahidi wa ziada ikiona haja, lakini yeye angependa kusimama na yaliyo kwenye kumbukumbu. Nilimwamini, japo sikulala vizuri.

Kama uko katikati ya kesi kama hii sasa, nakuomba: kabla upande wa mashtaka haujafunga kesi yake, mwendee mwendesha mashtaka umuulize kama kila karatasi iliyotiwa alama imetolewa kuwa kielelezo. Muulize moja kwa moja, tena kwa heshima. Na unapoapa, eleza unachojua kwa ukamilifu, usiseme tu "ana miaka 12" ukanyamaza. Kadi ya kliniki usiitupe hata mtoto akiwa kidato cha nne.

Mwezi wa nne wazee wa upande wa yule mfungwa walikuja. Walikaa sebuleni, wakanywa chai, wakazungumza kuhusu ujirani na jinsi mama yake anavyougua. Halafu wakatoa karatasi iliyochapwa, hati ya kiapo, ikisema familia imesamehe na haina pingamizi aachiliwe. Ng'ombe alitajwa pia. Niliwaambia kwa upole kwamba kesi si yangu ya kuuza, ni ya Jamhuri, na aliyekosewa ni mtoto ambaye hawajauliza anaendeleaje. Wapo ndugu zangu walionikasirikia kwa siku nyingi. Nawaelewa, tunakutana nao kisimani na mazishini. Karatasi ile sikuitia sahihi.

Kuhusu kifungo, mambo yalikuwa yakibadilika juu yetu. Kwa muda fulani majaji wengine walikuwa wakisema vifungo vya chini vilivyowekwa na sheria hii vinamfunga hakimu mikono, na wakavipunguza. Tarehe 12 Julai 2024 Mahakama ya Juu ikaamua kesi ya mtu ambaye Mahakama ya Rufaa ilimpunguzia kifungo, ikamrudishia miaka yake 20. Ilisema vifungo hivyo vya chini ni halali maadamu Bunge halijabadilisha sheria. Nilisikia redioni kibandani nikaongeza sauti.

Rufaa yetu ilisikizwa wiki chache baadaye. Mtu yule alionekana kwenye skrini kutoka gerezani, amekonda. Hakuwa na wakili, akasema anategemea mawasilisho yake ya maandishi. Wakili wa serikali alizungumza kwa dakika chache. Jaji akatoa tarehe ya hukumu, wakaita faili nyingine. Mimi nilikuwa nimevaa nguo ya kanisani na kubeba cheti mkobani, ingawa nilijua hakuna atakayekiomba.

Hukumu ilisomwa Oktoba. Jaji alianza na umri, nikashika benchi. Alisema cheti kilichotiwa alama tu hawezi kukihesabu. Kisha akasoma kuhusu baiskeli, zahanati na mwezi wa kupanda mahindi, akasema shahidi huyu alikuwepo mtoto alipozaliwa, hakutikiswa kwa maswali, na daktari anakubaliana naye. Umri umethibitika. DNA si lazima. Kuhusu mtoto kuwa peke yake, alisema kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi kinaruhusu mahakama kumfunga mtu kwa neno la mtoto aliyekosewa, mradi hakimu ameridhika kwamba ni mkweli na ameandika sababu. Akaisoma ile mistari mitatu. Ugomvi wa mpaka, akasema, haukuulizwa nilipokuwa kizimbani. Ulitokea tu wakati wa kujitetea.

Rufaa ikatupwa, isipokuwa sehemu moja. Hakimu alisahau kuhesabu muda aliokaa rumande, kwa hiyo miaka 20 ianze siku aliyokamatwa, Agosti 2021. Nyumbani wengine walinung'unikia hilo. Mimi sikuona ubaya. Siku zile alikaa ndani kweli, na sheria inataka zihesabiwe. Anaweza bado kwenda Mahakama ya Rufaa kule Kisumu, lakini huko ni kwa hoja za sheria pekee. Namba yangu ya simu nimeacha, na safari hii napiga mimi mwenyewe kuuliza kila mwezi bila kungoja.

Mtoto alifunga shule wiki zilizofuata. Nilimkuta nyuma ya jikoni akichambua maharagwe, nikakaa naye nikamwambia imekwisha huko Kakamega na hataitwa.

Alichambua kwa muda. "Na jaji aliniona lini?"

"Hakukuona. Alisoma uliyosema."

"Yote?"

"Yote."

Aliomba faili. Nilisita, kisha nikamletea. Hakusoma ushahidi wake. Alitafuta wangu, akasoma pale pa baiskeli, akaniuliza kama siku ile mvua ilikuwa inanyesha. Nikamwambia ilinyesha, mama yake na mimi tulilowa wote, na yeye alifungwa kwa leso yangu ya manjano.